Lori Lililokaa Eda

Mjukuu wangu alikuwa safarini masika yote, na gari lake lilibaki chini ya banda la mabati nyuma ya nyumba, kuku wakilala juu ya boneti. Juzi asubuhi alirudi akaliwasha. Likaanza kulia ta-ta-ta-ta mfululizo, sauti kavu ya chuma kugonga chuma, kama cherehani kinachoendeshwa bila kitambaa. Mke wake akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kama limeharibika. Mimi nilikuwa barazani na uji wangu. Nikawaambia, "Msilizime. Liacheni, kisha mleteeni huyo dereva kahawa." Walicheka sana, maana hawakuona kahawa ina undugu gani na injini. Wao nimewaacha wacheke. Ninyi nitawaeleza.

Enzi za Mwingereza tulikaa Kanyenye, mjini Tabora, katika nyumba ya udongo mnene yenye ua uliozungushiwa ukuta mrefu. Baba alikuwa mtu wa asali na nta. Babu yake alifika Tabora na misafara ya pembe, na baba alipenda kusema kwamba mzee yule alikaa kupumzika miguu akasahau kuondoka. Baba mwenyewe hakuichosha miguu yake. Alikuwa na lori dogo la kijani, lenye bodi ya mbao iliyopigwa na seremala wa mjini, na aliingia nalo mapori ya Sikonge kununua kwa warina asali. Likirudi lilinuka asali, moshi na petroli, na harufu hiyo ilikaa kwenye nywele za mama siku kadhaa, kwa sababu mama alisafiri naye. Aliketi kiti cha mbele na buibui lake. Ndugu za baba hawakulipenda jambo hilo, na baba hakuwa na habari nao. Warina asali wakimwita "mayu", yaani mama kwa Kinyamwezi, naye akiwajua wote kwa majina, na majina ya watoto wao, na nani asali yake ina maji.

Masika moja baba alishikwa na homa, na kabla mvua hazijakatika tukamzika. Mimi nilikuwa na umri wa kuanza kufunga Ramadhani nusu siku. Mdogo wangu Salma alikuwa bado anabebwa. Lori lilibaki uani pale pale alipoliacha baba, pua imeelekea mlango wa nyuma, majani yakaota kati ya magurudumu.

Mama akaingia edani. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na ushei, hatoki, hajitii wanja wala udi, na wanaume wasio maharimu wake, yaani wanaoweza kumwoa, hawamwoni. Aliwekewa mkeka chumba cha nyuma, penye mlango wa kutokea uani, na mlangoni likatundikwa pazia. Shangazi walipokuja kumkalisha walinipa masharti yangu: nisipige kelele, nisilete watu uani, na nisimsumbue mama kwa maswali. Kwa akili yangu ya wakati ule, nikaelewa kwamba mjane haongei. Mama naye kwa asili alikuwa na maneno machache, basi nikaona mambo yanakwenda kama yalivyosemwa.

Baba hakuacha mtoto wa kiume. Kwa hiyo katika mirathi mdogo wake, Ami Hemedi, alikuwa na fungu lake, na hapakuwa na ubishi katika hilo. Ami hakuwa mtu mbaya. Alituletea ndizi kila Ijumaa, na akiingia uani alikohoa tangu barabarani ili mama apate nafasi ya kujisitiri. Ila alilipenda lile lori. Alisema wazi kwamba fungu lake litakuwa hilo, na sisi tubaki na nyumba, na shamba la Ntalikwa pamoja na ng'ombe wake. Kila mtu aliona ni mgawanyo wa huruma. Hakuna aliyeuliza mama atafanya nini na shamba, mtu ambaye hajawahi kushika jembe wala kukamua ng'ombe, na ambaye kazi yote aliyoijua ilikuwa kwenye kiti cha mbele cha lori lile. Nilimsikia akilia usiku ule ilipoletwa habari. Nilidhani anamlilia baba.

Ijumaa moja, eda ikiwa imekaribia ukingoni, Ami alikuja kulijaribu lori. Alikunja kanzu akaifunga kiunoni, akachomeka hendeli, akazungusha mpaka kofia ikamwanguka. Likakohoa, likatoa moshi mweusi, kisha likawaka. Na papo hapo likaanza: ta-ta-ta-ta.

Ami aliinamisha kichwa akasikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kisha akakimbia kulizima.

"Naijua sauti hii," alisema. "Motokaa yangu ilianza hivi hivi. Ikanifia njia ya Urambo, mpaka leo imelala huko."

Akapumzika, akaliwasha tena. Likalia vile vile. Akalizima upesi zaidi, asije akaliua moja kwa moja. Fundi alikuwapo, Singasinga mmoja karibu na stesheni, lakini mwanaume wa kando angeingiaje kwenye ua wa mjane? Na kulisukuma nje kulitaka vijana wenye nguvu, nao pia ni wanaume wa kando. Ami alizishika sana adabu hizo. Alisimama pale akipangusa jasho, halafu akanigeukia.

"Zuwena, hebu nenda kwa mama yako. Muulize: lori hili lilikuwa likilia hivi tangu zamani, au limeanza sasa?"

Nilipita chini ya pazia. Mama alikuwa ameketi mkekani anamenya karanga kwenye ungo, hatua chache tu kutoka pale alipokuwa Ami, na ni wazi alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo nililirudia swali lote, kwa kuwa nilipenda kutumwa. Mikono yake ikasimama. Alilitazama pazia.

"Mwambie niko edani," alisema kwa sauti ya chini, akarudi kwenye karanga zake.

Nikatoka nikamwambia Ami, "Yuko edani."

Ami alishika mdomo. "Astaghfirullah! Kweli, nimekosa. Mwambie shemeji anisamehe, nimejisahau." Na uso wake ulionyesha kweli ameona haya. Aliondoka bila hata kuokota kofia yake, ikabidi nimkimbilie nayo.

Wiki iliyofuata wazee walikaa kugawa. Ami akasema yeye ameridhika na shamba la Ntalikwa na ng'ombe, na lile lori bovu wabaki nalo mayatima, huenda wakapata mtu wa kununua vyuma. Watu wakamsifu.

Mama alipotolewa eda, akaogeshwa, akavishwa kanga mpya na kufukizwa udi, mjomba wangu Nasoro alikwisha kufika kwa treni kutoka Ujiji. Huyu alikuwa kaka wa mama, tumbo moja, naye alijua kuendesha. Kesho yake asubuhi mama alimwambia awashe lori. Likalia ta-ta-ta-ta, na mjomba akanyoosha mkono kulizima.

"Usizime," mama alisema. Alitoka na birika la kahawa na kikombe kimoja. "Marehemu kila baada ya masika alikuwa akinywa kahawa kwanza. Limekaa sana, oili yote imeshuka chini. Liache lipate kupandisha."

Mjomba akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akanywa kahawa. Mimi nilisimama nikiangalia kikombe na lori kwa zamu. Ta-ta-ta ikalegea, ikawa inaruka ruka, kisha ikapotea kabisa, ukabaki mngurumo mzito ule niliouzoea enzi za baba. Mama alifunga macho. Sijapata kumwona na furaha vile, kabla wala baadaye.

Maelezo ya oili sikuyasikiliza. Mimi nilikuwa na maelezo yangu: lori lilikuwa likikaa eda pamoja na mama, na sasa limetolewa. Nilimweleza hivyo mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, akanipa tende. Ami Hemedi naye alipoliona likipita sokoni limejaa mitungi ya asali alisema msikitini kwamba dua ya mjane haina pazia. Alifuga ng'ombe wake wakaongezeka, na kila Ijumaa aliendelea kutuletea ndizi. Kwa asali ile tukasoma, mimi na Salma.

Miaka mingi baadaye mume wangu alifariki, nami nikaketi kwenye mkeka chumba kile kile, maana nyumba ya baba ndimo tulimokuwa tukiishi. Mama, mzee sasa, alikuja kunikalisha, akaketi pembeni na ungo wake wa karanga. Siku moja shemeji yangu alisimama nje ya pazia, akamtuma mtoto aniulize marehemu aliweka wapi funguo za ghala. Nami, bila kufikiri, nikamwambia yule mtoto, "Mwambie niko edani."

Mama aliinua kichwa.

"Mjibu shemeji yako," alisema. "Kwani ulimi nao umefiwa?"

"Mwenye eda anaruhusiwa kujibu?"

"Amekatazwa na nani?"

Nilimtazama. Nilihisi kama nimerudi kuwa yule mtoto chini ya pazia, nikingoja jibu la kumpelekea Ami kuhusu lori. Mama alinitazama pia, akanitazama sawasawa, bila haya na bila kujigamba, kisha akachukua karanga nyingine akaimenya. Nikapaza sauti nikamwambia shemeji funguo ziko juu ya kabati.