Siku Darasa Lilipofika kwenye "Su"

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani, upande wa chini wa Mutomo, kumzika mjomba. Baada ya mazishi nikashuka kwa miguu hadi kanisani, na nikakuta wanabomoa kile chumba cha matofali ya udongo kilichokuwa nyuma yake. Ukuta mmoja tu ulikuwa umebaki wima, na juu yake doa jeusi, pana kama mlango, ambalo mvua za miaka yote hiyo hazikuliondoa. Fundi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana. Lakini nilisimama pale hadi vumbi likanijaa kichwani, kwa maana doa lile nilisaidia kulipaka kwa mikono yangu nikiwa darasa la tatu.

Tulilipaka kwa unga mweusi wa betri za redio zilizokufa. Tulizipasua kwa jiwe, tukausaga ule unga, tukaukoroga na maji ya majani yaliyopondwa, na huo ukawa ubao wa gumbaru, yaani shule ya watu wazima. Kama ulikulia Ukambani miaka ile, unaikumbuka. Kina mama wanaingia na viondo vyao, vidole vinasokota katani huku macho yako ubaoni, na ukiwa nje unasikia sauti nzito za watu wazima zikiimba a, e, i, o, u kama watoto wa chekechea. Sisi watoto tulicheka mwanzoni. Baadaye hatukucheka tena.

Nilikuwa nikiishi na nyanya yangu, mama wa baba, ambaye kwetu tunamwita susu. Mbele ya boma letu aliishi jirani mmoja mjane, na binti yake alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tunaenda pamoja mtoni kuchota maji kwenye visima vya mchangani, tunachimba kwa kibuyu na kungoja maji yajikusanye, na tukirudi jirani anatupakulia mthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa kinuni, na pojo katika sahani moja. Alikuwa mama wa kucheka. Nakumbuka mlio wa mchi wake asubuhi, wa haraka kuliko wa susu, kama mtu anayekimbizana na jambo la furaha.

Yule rafiki yangu alishikwa na kikohozi wakati wa kiangazi. Ndani kwao, juu ya ukuta chini ya paa, palikaa chupa mbili ndogo za rangi ya kahawia. Moja ilikuwa ya kikohozi, ilitoka hospitali. Nyingine ilikuwa dawa ya kupe, ya kuogeshea mbuzi. Mama yake akachukua moja na kumpa vijiko viwili. Hawakufika hospitali. Punda alisimamishwa njiani, karibu na kijito kilichokauka, na wakageuka kurudi.

Daktari aliyeitwa kabla ya maziko ndiye aliyemwambia jirani kwamba alikosea chupa. Hilo alilijua. Asichokijua ni kama chupa ilikuwa imemwonya. Siku chache baada ya maziko alikuja jikoni kwetu ameifunga kwenye leso. Susu alikuwa amekaa nyuma yake akipepeta pojo.

"Wewe uko shule," aliniambia. "Nisomee hapa."

Nikaitazama. Herufi zilikuwa nyekundu na kubwa. Nikainua macho, nikamwona susu. Susu hakujua kusoma hata herufi moja, lakini ungo wake ulikuwa umesimama, na alikuwa akitikisa kichwa polepole.

"Ni jina la duka," nikasema.

"Haisemi kitu kingine?"

"Haisemi."

Akashusha pumzi ndefu. Akaifunga chupa tena na kwenda. Susu akaendelea kupepeta. Hakuniambia nimefanya vizuri wala vibaya, na mimi sikumwuliza.

Gumbaru ilianza kwa sababu ya kifo kile. Mwalimu alikuwa mama wa kanisani aliyeachia masomo kidato cha pili. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Alisimama baada ya ibada akawaambia kina mama, "Mtoto mmoja anatosha. Kesho kutwa mkitoka mtoni, njooni." Wakaja. Na kwa vile siku zake zilikwenda kwao, wao walimlimia shamba kwa zamu, wakamletea kuni, na punda wa kila nyumba alikuwa na mtungi mmoja wa mwalimu. Mzee mmoja naye alijiunga, akitaka kuisoma Biblia ya Kikamba kabla macho hayajafa. Alikaa karibu na mlango ili akionekana aseme alikuwa anapita tu.

Jirani hakuja. Watu walikuwa wameacha kumsalimu. Hawakumchukia, ila hawakujua waseme nini, na wengine waliwaita watoto wao akipita. Ule mchi wake haukusikika tena asubuhi. Siku moja susu alivaa kanga yake nzuri, akaenda kwake, akamshika mkono kama mtoto na kumleta. "Mtu akiachwa peke yake na msiba, msiba unamla," alisema njiani, na jirani akamfuata. Mimi nilitembea nyuma yao na madaftari mawili, la susu na la jirani, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Sijui kama susu alikuwa ameifikiria ile chupa. Nadhani aliona upweke tu.

Mwalimu alifundisha kwa silabi. Ba, be, bi, bo, bu. Ka, ke, ki, ko, ku. Jirani alishika upesi kuliko wote. Midomo yake ilisema silabi hata akiwa kisimani, hata akiwa amebeba kuni mgongoni. Tulifika kwenye ma, me, mi, mo, mu, na kila mtu akafurahi kuandika "mama". Mimi nilihesabu kwa vidole mwalimu amebakisha nini. Nikaacha kumaliza chakula changu, susu akafikiri nina minyoo.

Siku moja nilibaki nyuma, nikajifanya nafuta ubao.

"Mwalimu," nikasema, "usifundishe 'su'."

Akacheka. "Kwani 'su' imekukosea nini?"

Nikamwambia yote: chupa, zile herufi nyekundu, jina la duka. Alikaa kwenye benchi akiwa bado na chaki mkononi. Nje mbuzi walikuwa wanarudi, unasikia kengele zao.

"Nikiiruka 'su'," alisema, "hataweza kuisoma 'Yesu'. Hataweza kuandika 'susu'. Na siku moja ataiokota kwa mtu mwingine, akiwa peke yake nyumbani." Akanifuta machozi kwa ncha ya leso. "Afadhali aikute hapa, katikati yetu."

Mwalimu alijaribu kwenda kwa jirani kabla ya siku ile, amweleze taratibu. Alienda mara mbili, na mara mbili wakazungumza habari za kiangazi na mbuzi, na akarudi hajalisema. Aliniambia haya mwenyewe baadaye, kama mtu anayeungama.

Basi ikafika; mwalimu alikuwa ameiacha iwe ya mwisho. Sa, se, si, so, su. Darasa likaimba. Mwalimu hakugeuka kututazama, alibaki akiangalia ubao. Somo lilipokwisha, watu wakikunja daftari, jirani hakuinuka. Akaingiza mkono ndani ya kiondo chake na kuitoa ile chupa. Kumbe alikuwa akija nayo kila siku.

"Mwalimu, naweza kusoma kitu?"

Mwalimu akasema, "Mama, tusome sote nyumbani kwako. Si lazima iwe leo."

"Ni leo."

Aliweka kidole chini ya herufi. "Su," akasema. "Mu." Akazirudia, akaziunganisha. "Sumu." Kina mama walidhani ataishia hapo, lakini kidole kilisonga mbele, kikishuka mstari wa pili, polepole, kikisimama kila silabi. "We-ka. Mba-li. Na. Wa-to-to."

Yule mzee karibu na mlango alivua kofia.

Jirani akageuka, akanitafuta kwa macho hadi akanipata kwenye benchi la nyuma. Hakupaza sauti.

"Wewe ulijua kusoma."

Susu akasimama. "Ni mimi niliyemzuia. Mtoto hana kosa."

Jirani alimtazama susu, kisha mimi tena. "Miezi hii yote nimelala usingizi kwa sababu yenu," alisema. "Nilikuwa namwambia Mungu kila siku, chupa yenyewe haikuniambia. Sasa nimwambie nini?"

Mwalimu alimwendea, akamshika mabega, lakini yeye alijitoa kwa upole, akaweka daftari lake juu ya benchi kwa adabu, akatoka.

Kwa muda mrefu hakuja. Kina mama walimpelekea maji kwa zamu, wakamwachia mlangoni. Susu alienda kila jioni na uji, akakaa naye nje, na akirudi hasemi walizungumza nini. Mimi nilipokutana na jirani kisimani, alinijazia mtungi wangu kabla ya wake, kama zamani, na hakuniangalia. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Kila mara nilisema "asante" tu.

Halafu siku moja akarudi darasani, akaketi mahali pake, akachukua daftari ambalo mwalimu alikuwa amemtunzia. Alijifunza yote. Alikuwa wa kwanza kusoma sura nzima ya Biblia. Lakini kucheka hakukurudi.

Mwaka uliofuata mvua zilikosa mara mbili. Visima vya mchangani vilishuka hadi mtu akazama mzima ndani yake, na kina mama wakawa wanatoka alfajiri na kurudi jua likizama. Gumbaru ikabaki na watu sita, kisha watatu. Mzee wa mlangoni alikufa akiwa amefika kitabu cha Kutoka. Mwalimu alimfuata mumewe mjini Kitui, akaacha chaki mbili juu ya dirisha. Jirani aliuza mbuzi waliobaki, akaenda kwa kaka yake huko Makueni. Aliaga nyumba zote. Kwetu alimkumbatia susu, na mimi akaniwekea mkono kichwani, mzito, akauacha hapo kidogo. Mpaka leo sijui mkono ule ulisema nini.

Susu naye amelala kaburini siku nyingi. Katika maisha yake yote aliandika jina lake na maneno kama kumi hivi, kwa herufi kubwa zilizoegemeana.

Nilipopata kazi mjini Wote, huko Makueni, nilijiambia, sasa niko karibu, nitamtafuta jirani. Miaka ikapita nikijiambia hivyo. Nilipokwenda hatimaye nilimkuta mke wa mpwa wake, mama kijana, akianika pojo kwenye turubai. Akanikaribisha kiti, akaniambia bibi yule alifariki muda mrefu uliopita.

"Alikuwa anatusomea Biblia," aliniambia. "Na barua za majirani wote hapa, na karatasi za dawa. Watu walitoka mbali. Alikuwa hasomi haraka, alikuwa anaweka kidole." Akachuchumaa tena kwenye pojo yake. "Sisi tulimhurumia sana, unajua. Kuzeeka hivyo, na hakuwahi kupata mtoto."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba alimpata, kwamba alikuwa wa umri wangu, kwamba tulikula sahani moja. Kisha nikafikiri kwamba labda hilo ndilo jambo pekee alilochagua mwenyewe kutolisoma kwa sauti. Nikanywa chai niliyopewa, nikashukuru, nikaenda zangu.

Sasa waliokuwa mle chumbani wote wamekwisha, isipokuwa mimi, na pengine mwalimu, kama bado yu hai.