Nimelamba kioo mbele ya majaji

Leo nimelamba vioo viwili mbele ya majaji wa sayansi. Ndiyo, mimi, nisiyeitikia vizuri hata jina langu darasani.

Mradi wangu ni kiongezi kinacholainisha utando wa perovskaiti, madini ya kutengenezea seli za umeme wa jua. Perovskaiti sina, nikapaka shira ya sukari: kioo kimoja chenye limao kama kiongezi, kingine bila, ili kifanye chengachenga.

Vyote vikatoka laini!

"Binti, kipi kina kiongezi?" jaji mmoja akauliza.

Nikalamba. Vyote vichachu.

Mama anauza visheti mtaani Bombambili, na shira yake huitia limao isigande. Kumbe jana alikuta shira jikoni, akanikamulia limao kwenye sufuria zote.

Nikasema ukweli.

"Kwa hiyo hujalinganisha chochote?"

"Sijalinganisha, mwalimu."

Akaandika kitu. Hakutabasamu.

Matokeo kesho. Mama ananiuliza, "Limao langu limekusaidia, mwanangu?"

Jamani, nimjibu nini?