Sare na Mwalimu Wangu

Katika mashindano ya chesi pale mjini Songea nilipangwa na mwalimu wangu mstaafu, aliyenifundisha mchezo huo nyumbani kwake Lizaboni. Nilimpa shikamoo, kisha nikafungua kwa askari wa mbele ya malkia, ufunguzi ambao siku zote aliuita wa waoga. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimemzidi askari wawili. Ndipo akaninyooshea mkono, akasema, "Sare, mwanangu."

Kwetu mkono wa mzee hauachwi hewani. Niliupokea kwa mikono miwili, mchezo ukaishia hapo. Wenzangu waliniita mjinga. Waache waseme. Wiki iliyofuata nilipita kwake nikamkuta anawafundisha wanafunzi wapya ufunguzi ule ule wa waoga.