Sabuni Mbili za Donat

"Kidole yangu haitaingia mu ile wino!" Mama Germaine alisema, akakificha kidole chenyewe ndani ya kitenge, kana kwamba Donat angeruka meza akikate aende nacho. "Hortense haiko na wazimu. Iko mama ya mapasa. Na mama ya mapasa anaimba matusi, njo kazi yake. Kwenu Pweto hamujui ile, ao kule munazalaka tu samaki?"

"Tunajua, Mama," Donat akajibu. "Hata mi niko pasa. Nilizaliwa pamoja na dada yangu, tumbo moja."

"Ah! Na mama yako alitukana nani?"

"Bantu bote. Na padri."

"Na padri alimupeleka hospitali?"

"Hapana. Alimupatia chumvi."

"Basi unatafuta nini huku na gari yako?"

Swali lilikuwa zuri, na Donat alilipenda. Alipenda maswali yote, hata yale ya kumfukuza.

Walikuwa sebuleni kwa Paulin, mtoto wa Germaine na mume wa Hortense, katika mtaa wa Kenya, Lubumbashi, mji ambao siku zile wazungu waliuita bado Elisabethville. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Ilikuwa na bendera yake, na pesa zake, na vizuizi vyake barabarani vyenye askari wake, majandarma, na kati ya kizuizi na kizuizi walipita askari wa kofia za bluu ambao hakuna aliyejua vizuri wamekuja kumtenganisha nani na nani. Paulin, fundi wa reli, alikaa kwenye kiti kifupi karibu na mlango, mikono katikati ya magoti. Hortense alikuwa uani nyuma ya nyumba, akimwogesha pasa mmoja. Yule mwingine alikuwa kifuani mwa Germaine, ananyonya ukosi wa blauzi ya bibi yake kwa bidii kubwa na faida ndogo.

Na mezani kulikuwa na karatasi na kopo la wino. Hata wakati wa vita, kumchukua mtu asiyetaka na kumpeleka nyumba ya wagonjwa wa akili hakukuwa jambo la kupiga filimbi na kumrusha garini. Munganga wa hospitali aseme, mkuu wa komini, serikali ya mtaa, agonge muhuri, na watu wawili wa nyumbani wakubali, mmoja wao awe yule anayelala chumba kimoja na mgonjwa. Munganga alikwisha sema. Muhuri ulikwisha gongwa. Paulin alikwisha andika jina lake. Aliyelala na Hortense na mapasa, kama desturi inavyotaka, alikuwa Germaine, na kwa kuwa hakujua kuandika, karatasi ilingoja alama ya kidole chake gumba.

Sasa huyu Donat, mtu wa kutumwa kuchukua wasiotaka kuchukuliwa, alitoka wapi?

Watu wa Pweto wanasimulia kwamba siku ya kuzaliwa kwake, dada yake ndiye alitoka kwanza. Donat akabaki ndani mchana kutwa, asikilize kwanza watu watasema nini juu ya dada. Aliporidhika akatoka. Hakulia. Alimtazama mkunga toka juu mpaka chini, akamwuliza, "Na wewe, nani alikuzalisha?" Anayebisha aende Pweto akaulize.

Mama yake aliuza samaki wakavu wa ziwa Mweru, na mtoto alishinda kando ya chanja akiwauliza samaki walikuwa wanatazama nini siku waliyonaswa. Wanunuzi wakaona haya kula samaki aliyekwisha hojiwa, biashara ikalala, mama akampandisha mwanawe juu ya lori la samaki aende mjini. Alifika ananuka hivi kwamba paka wote wa Kenya walimsindikiza mpaka dispensari. Dispensari ikampa kazi ya kuosha chupa, ili mradi naye apate kunawa.

Uuguzi ulimjia kwa njia ya mtu mmoja aliyepanda juu ya tangi la maji la reli, akakataa kushuka. Polisi walipiga kelele, mke alilia, padri alitoa baraka akiwa amesimama mbali. Donat akapanda. Hakumwambia yule mtu shuka. Alimwuliza, "Toka huku unaona nini?" Yule mtu akaonyesha. Aliona bomba la moshi la kiwanda, aliona pori la Kasapa, aliona mbali zaidi na zaidi hadi Pweto, akamwambia Donat mama yake anapika nini jikoni, na kwamba chumvi imezidi. Walipofika chini walikuwa bado wanabishana juu ya ile chumvi. Tangu siku hiyo, mtu akipotewa na akili zake mtaani, gari linakwenda kumchukua Donat kwanza.

Lenyewe lilikuwa gari la zamani la mkate. Désiré, dereva, alilipaka rangi nyeupe na msalaba mwekundu, lakini harufu ya mkate ilikataa kutoka, na watoto walilikimbilia kila lilikopita. Ndiyo sababu wagonjwa wa Donat walifika hospitali wana njaa.

Kitu kimoja Donat alikataa katakata: kumdanganya mgonjwa. Wauguzi wengine waliwaambia watu twende sokoni, twende kwa shangazi yako. Donat alisimama mbele ya mgonjwa, mikono wazi, akasema, "Leo unaenda hospitali. Kama hautaki, utaenda vile vile, na mi nitakaa kando yako." Maana aliyedanganywa mlangoni, alisema, hapokei tena hata kikombe cha maji kutoka mkono ule.

Lakini juma lililopita alikuwa amefika hapa kwa Paulin bila gari na bila karatasi, jirani kama majirani wengine, kuona mapasa.

Mapasa wakizaliwa, mama anapakwa pemba, udongo mweupe, anasimama uani na kuimba mpaka mwezi ule ufe, na katika wimbo ule hakuna mtu mwenye heshima. Mama mkwe, ambaye siku nyingine mkamwana haruhusiwi hata kutafuna mbele yake, siku hizo anaimbiwa makalio yake na jinsi yanavyofika kanisani kabla yake. Unatukanwa, unacheka, unatoa zawadi. Na zawadi ni mbili, sawasawa, kwa sababu mapasa hawapendi kupunjwa. Blanketi mbili za rangi moja. Vifurushi viwili vya chumvi. Hata salamu ni mbili: ukimsalimu Kyungu, aliyetangulia, ukamsahau Kabange, aliyemfuata, nyumba nzima inakukodolea macho.

Hortense aliimba kuliko mama wote wa mapasa waliowahi kusikika Kenya. Donat aliimbiwa masikio yake: kwamba baridi ikija anajifunika nayo, kwamba mkewe anayafua Jumamosi na kuyaanika juu ya kamba. Watu walicheka hivi kwamba jirani mmoja, Mama Kapya, jino lilimruka likaanguka ndani ya sufuria ya maharagwe, na aliyelikuta hajasema mpaka leo. Germaine, mwenye kuongoza sherehe, alikuwa amevimba kwa fahari. Donat akatoa zawadi yake, sabuni mbili. Hortense akazipokea, akanusa moja, akaitia kifuani. Ya pili akaitupa mferejini.

Watu wakacheka na hilo pia. Donat naye akacheka. Ila njiani kurudi nyumbani swali likamwingia mguuni kama mwiba. Mama wa mapasa anaweza kutupa sabuni, ni matusi kama matusi mengine. Lakini angetupa zote mbili. Kwa nini moja?

"Natafuta sabuni," alimwambia Germaine sasa.

"Sabuni gani?"

"Nilileta mbili, Mama. Ya Kabange iko wapi?"

"Ilianguka."

"Ilitupwa. Mulikuwa pale."

"Alikuwa anacheza!"

"Na blanketi ya Kabange?"

Germaine akamtazama mtoto aliyekuwa kifuani mwake, amefungwa katika kitambaa cha kufutia sahani. "Inakauka."

"Na ya Kyungu, nayo inakauka?"

"Miye najua? We unaulizaka sana! Ulikuwa munganga, sasa uko polisi?"

"Mama yangu njo alikuwa anasema vile vile," Donat akasema, na Germaine nusura acheke, akajizuia kwa shida.

Donat akavuta kiti. "Ile mwezi ya mapasa ilishakufa, Mama. Bengine banaacha kuimba. Juu ya nini yee anaendelea?"

"Furaha."

"Analala?"

"Mama ya mapasa analalaka saa gani?"

"Anakula?"

"Anakula, ndiyo. Anakula kidogo. Anasema sahani inamusikiliza..." Germaine akafunga mdomo, lakini neno lilikwisha toka na sasa lilikaa pale mezani pamoja na karatasi.

"Inamusikiliza namna gani?" Donat akauliza, ameinama mbele, macho yanang'aa, kama mtoto aliyeambiwa kuna kinyonga ndani ya kofia.

"Ni vita!" Germaine akasema kwa sauti. "Bantu bote banaogopa masikio. Ndugu yake Clément iko Kabalo, barabara imekatwa, hatujasikia hata neno. Ku kizuizi bajandarma banauliza, we ni muntu ya wapi, baba yako ni muntu ya wapi. Miye pia naogopa masikio! Na miye utanipeleka na gari yako ya mikate?"

Donat akalifikiria hilo kwa dhati, maana lilistahili. Nani katika mji ule hakuwa anaogopa? Yeye mwenyewe siku hizi alishusha sauti akisema Pweto.

"Munaogopa, Mama," akasema polepole, "lakini munalala, munaamka, munapika. Na munaogopa bajandarma, wenye bunduki. Yee anaogopa mutoto."

"Mutoto gani?"

Donat akageuza yale masikio yake makubwa kuelekea mlangoni. "Paulin. We sema. We njo ulikuta, mi sikuona kwa macho yangu."

Paulin alikuwa mtu wa kusikia mama yake akizungumza, tangu utoto.

"Mama," akasema, akitazama sakafu, "hii asubui, wakati mulienda kuteka maji, nilimukuta Kabange inje. Mu mufereji. Bila nguo. Mawingu ilikuwa imefunga, mvua ilikuwa karibu."

"Aliteleza."

"Mutoto haijui kukaa, Mama. Atateleza toka wapi?" Akapangusa uso kwa mkono. "Nilimuuliza Hortense. Akaniambia bila kukasirika, ile haiko mutoto. Ni sikio. Bajandarma njo balituma, ikuje kusikiliza mu nyumba. Akaniambia leo maji ya mvua itaipeleka."

Kabange akaachia ukosi wa blauzi, akalia kilio chembamba, akaushika tena.

"Ni bongo, ni uongo tupu," Germaine akasema, lakini akamkumbatia mtoto zaidi. Halafu yakatoka yale aliyokuwa ameyafungia nyuma ya kelele zote. "Mukimupeleka kule, bantu batasema mapasa balipokelewa mubaya. Na nani alibapokea? Ni miye. Miye nilimupaka pemba, miye nilimufundisha nyimbo, miye nilikuwa napiga makofi. Na batoto batakunywa nini? Maziwa ya kopo iko wapi mu hii vita?"

"Batakunywa mama yao," Donat akasema. "Munaenda bote. Hortense, Kyungu, Kabange, na nyinyi, na sufuria yenu. Kule kila mugonjwa iko na muntu yake ya kumupikia. Kyungu akinyonya, Kabange atanyonya, nyinyi munamushika, mi natazama. Hatabaki peke yake na ile mutoto hata kidogo. Munganga atamusaidia alale. Akishalala muzuri, tutamuuliza tena ile sikio iko wapi. Mi nataka kujua atajibu nini."

"Na akikatala?"

"Atakatala. Mi nitamwambia kweli, halafu atapanda gari. Mukono yangu na mukono ya Paulin. Kamba hapana."

"Na bila kidole yangu?"

"Bila kidole yenu, hospitali itamupokea leo, juu mutoto iko mu hatari. Halafu kesho komini itauliza nyumbani nani alikubali, na batamurudisha huku. Huku, Mama. Karibu na mufereji."

Germaine akainuka. Alikuwa mwanamke mnene na nyumba ilikuwa ndogo, kwa hiyo akiinuka wengine walisogea.

"Sikiliza, we mutoto ya samaki. Miye nilipokea mapasa Kabalo, nilipokea mapasa ku kampi ya reli, nilipokea mapasa huku. Bamama bote balinitukana. Hii makalio yangu inajulikana mpaka Kongolo! Lakini hakuna hata mumoja alitukana mapasa. Hakuna. Ule wimbo haiko. Basi siku nitamusikia Hortense anamukana mutoto mbele yangu, na haya masikio yangu, siku ile utapata kidole, utapata na mukono muzima. Lakini mbele ya ile siku, hata ukuje na gari kumi za mikate, miye Germaine si..."

Mlango wa uani ukafunguka.

Hortense akaingia na harufu ya sabuni. Uso ulikuwa na udongo mweupe mpya, uliopakwa vizuri, na alikuwa anatabasamu kama mwenye nyumba aliyepata wageni. Kyungu alikuwa mikononi mwake, amefungwa blanketi moja, na juu yake blanketi ya pili ya rangi ile ile, katika joto lote la Oktoba, jasho linamtiririka puani. Hortense akamsalimu Donat kwa jina. Hakuimba. Akapiga goti kidogo mbele ya mama mkwe wake, kama mkamwana aliyelelewa, akamtazama Kabange kwa huruma, kama mtu anavyomtazama jirani aliyebebeshwa mzigo wa wengine.

"Mama," akasema, "munachoka bure. Ile mutoto munabeba ni ya nani?"

Neno la Germaine lilikuwa bado mdomoni, nusu nje, nusu ndani. Hakulimaliza. Alimhamishia Kabange mkono wa kushoto, na kidole gumba cha mkono wa kulia kikatoka ndani ya kitenge, kikapita juu ya meza, kikaanza kulitafuta kopo la wino bila yeye kulitazama.