Mchi Niliouchomoa Mlangoni

Binti yangu wa miaka minne alikuwa ameshika ubao unaoshikilia mlango wa gereji, anauzunguka huku akiimba, vile mtoto huzunguka nguzo ya veranda. Juu ya kichwa chake mlango mzima wa chuma ulikuwa umening'inia nusu. Nilimnyakua, nguo nilizokuwa nimetoka kufua zikaanguka kwa matope, nikaziacha hapo. Nilimbeba hadi kule Majengo, kwa buchari ambapo msimamizi wa ploti yetu hukaa asubuhi akinywa supu.

Nilikuwa nimemwambia mara tatu. Springi ya ule mlango ilikatika wakati wa mvua, na bomba la maji la wapangaji wote liko ndani ya hiyo gereji, kwa hivyo hakuna namna ya kuukwepa. Yeye alileta ubao, akaufinyilia chini ya mlango, akaenda zake.

"Mama Kendi, keti kwanza upashe tumbo moto," akaniambia.

"Sikujia supu. Mlango unatengenezwa lini?"

"Kwani una shida gani? Unapanda, unashuka. Hakuna mtu amefinywa."

"Huyu angeolewa na fundi, tungepumzika," mwanamume mmoja akasema, na wenzake wakacheka.

Nilichukua lile bakuli la supu mbele yake nikalimwaga nje, mbele ya wote, mtoto akiwa kiunoni. Hata mimi nilijishangaa. Lakini si kicheko kilichoniwasha hivyo. Ni yale maneno, hakuna mtu amefinywa. Niliyasikia nikiwa na miaka tisa, kwa sauti ya baba yangu, na yalikaa kweli kwa wiki mbili tu.

Kwetu ni juu ya Runyenjes, pale kahawa inaishia na majani chai yanaanza. Baba alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa. Zamani alifanya kazi Embu mjini, huko akaona nyumba za wakubwa zenye gereji ambazo mtu huinua mlango kwa mkono mmoja kama anainua kifuniko cha sufuria. Aliporudi nyumbani aliapa lazima awe nao. Akanunua pikapu kuukuu, akajenga gereji, akaleta huo mlango kabla nyumba yetu haijawekwa hata siling'i. Watu walikuja kuuangalia ukipanda. Baba aliwaacha waujaribu, mmoja mmoja, akisimama kando kama bwana harusi.

Pikapu haikumaliza mwaka. Gereji ikawa stoo ya mbuni, ile kahawa iliyokaukia na maganda yake, na mpaka leo nikisikia harufu tamu ya kitu kilichochacha kidogo, narudi pale. Mvua ikinyesha tulipanda juu ya magunia, mabati yakilia mpaka huwezi kusikia mwenzako, na Cucu, mama yake baba, akikaa mlangoni kuchambua maharagwe na kutupigia kelele tusiyapasue magunia. Jirani yetu, mama mmoja mchuma chai, alikuwa akija hapo akitoka shambani. Aliweka kikapu chini na kuniketisha kati ya magoti yake, anisuke. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, na vyepesi ajabu. Kwa mistari ya chai hakuna aliyemfikia. Watu walisema anachuma kama anayedonoa, na kikapu kinajaa akiwa bado anakusimulia jambo.

Springi ilikatika siku moja adhuhuri, na mlio kama wa bunduki. Kuku walilala chini kana kwamba mwewe amepita. Fundi aliitwa kutoka Embu, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mzee, sasa hakuna kitu kinabeba huu mlango. Ushushe. Uache chini mpaka springi ipatikane."

Lakini baada ya wiki mbili wageni wangekuja kuleta mahari ya shangazi yangu, na baba alitaka wapate mlango ukiwa juu, waone kwamba hii si boma ya mchezo. Tena viti vya kuazima kanisani na kreti za soda zingewekwa humo. Kwa hivyo aliuinua na wanaume watatu, akausimamishia mchi. Alikuwa ameuchukua jikoni bila kumwambia mtu, mmoja wa ile michi minene miwili ya kupondea mukimo, viazi na mahindi vya kuchemshwa pamoja. Akatukusanya watoto. "Atakayegusa huu mchi atanijua." Mama alipolalamika, ndipo alisema, "Hakuna mtu amefinywa."

Siku yenyewe wamama walijaa jikoni tangu kungali na umande. Viazi, mahindi, ndizi, majani ya malenge, moshi, kelele. Sufuria ya mukimo ilikuwa kubwa hata ningeweza kuogea ndani, na mchi mmoja haukutosha. Cucu akaniambia, "Kimbia ulete ule mwingine." Hakujua uko wapi. Mimi nilijua.

Ningemwambia tu. Sentensi moja. Lakini nilikuwa nimevaa gauni jipya, nimetumwa mbele ya wamama wote, na nilitaka kurudi na mchi begani kama mtu mkubwa. Pale gereji nilichukua mpini wa jembe, nikausimamisha kando ya mchi, nikaanza kuutikisa mchi utoke. Jirani alikuwa ndani akipanga viti.

"Wewe, baba yako amekuruhusu kutoa hiyo?"

"Ndiyo. Amesema niweke mpini."

Nilimwangalia machoni nikasema hivyo. Akaniamini. Mchi ukatoka, mpini ukashika, mlango ukabaki juu, na mimi nikakimbia jikoni nikijiona nina akili. Wamama wakanisifu.

Nilisikia mshindo tukiwa tunaponda. Jirani alikuwa ameinama kuvuta kreti nje, mkono wa kulia chini. Mpini ulivunjika kama njiti ya kiberiti.

Na sasa nikuambie kitu ambacho sijawahi kuambia mtu. Wageni walikuwa wamefika barabarani, tayari wanaimba. Baba na wajomba waliinua mlango, wakamfunga jirani mkono kwa leso, wakampitisha nyuma, katikati ya kahawa, wakamkalisha kwa jiko la Cucu, lile dogo la nyuma ya nyumba, na kufunga mlango. Kwamba asubiri kidogo. Kwamba damu siku ya mahari ni aibu, wakwe watageuka. Naye akakubali kukaa. Watu wakaomba, wakala, wakahutubu. Mimi nilipewa birika na beseni ninawishe wageni mikono. Niliwamwagia maji mikononi, mmoja baada ya mwingine, mikono mizima yenye vidole kumi, na nyuma ya ukuta alikuwa ameketi yeye. Walimpeleka hospitali saa kumi na moja jioni. Vidole viwili vikakatwa, cha shahada na cha kati. Mtu achumaye chai anajua kazi ya vidole hivyo.

Baba aliambia kijiji kizima kwamba jirani mwenyewe ndiye alitoa mchi ili kreti zipite, akanipa mimi niupeleke jikoni. Jumapili baada ya kanisa akaniita mbele ya watu. "Si wewe ulikuwa pale? Si ni yeye alitoa?" Jirani alikuwa amesimama hapo, mkono umefungwa shingoni, ananiangalia. Nikatingisha kichwa, ndiyo.

Jirani hakunikanusha. Alisema tu, "Baba, wacha mtoto aende akacheze."

Hakuchuma chai tena. Akawa anauza ndizi sokoni. Na miezi kadhaa baadaye aliniita, akaniketisha kati ya magoti yake, akajaribu kunisuka kwa vidole vilivyobaki. Mistari ikaenda huku na kule. Akacheka mpaka akakohoa. "Leo utaonekana kama shamba la mlevi." Nililia, na mama akafikiri nimevutwa nywele.

Alifariki nikiwa kidato cha tatu. Nilisimama kwenye foleni ya kumuaga nimeshika kitambaa, na walikuwa wamemfunika hadi kifuani, mikono ndani. Nilishukuru. Hiyo pia ni aibu yangu, kwamba nilishukuru.

Gereji haipo. Mabati yake yalijenga banda la kuku, kahawa iling'olewa ikapandwa parachichi, Cucu tulimzika, na baba siku hizi anasahau hata pikapu ilikuwa rangi gani. Nikienda nyumbani hakuna mahali naweza kusimama niseme, ni hapa. Wanaokumbuka hicho kisa wanakikumbuka vile baba alivyokisema, na nilivyokitilia muhuri kwa kichwa changu.

Basi siku ile ya supu nilirudi, nikararua karatasi za daftari, nikaandika. Niliipeleka barua kwa ofisi ya wakala wa landilodi, nakala kwa chifu. Karani aliisoma akakuna shingo.

"Madam, hii aya ya mwisho si ya malalamiko. Tuitoe, iwe fupi."

"Igonge muhuri hivyo ilivyo."

Akagonga. Inasema hivi:

*Kuhusu: Mlango wa gereji uliokatika springi.*

*Mimi ni mpangaji wa nyumba namba sita. Nalalamika rasmi kwamba mlango huu umesimamishwa kwa ubao, na watoto tisa wa ploti hupita chini yake kuteka maji. Msimamizi ameambiwa mara nne. Nataka ushushwe na ufungwe, wapangaji wapewe bomba lingine, mpaka springi mpya iwekwe na fundi anayeijua.*

*Uzito wake naujua. Nikiwa na miaka tisa nilichomoa mchi uliokuwa umeshikilia mlango kama huu. Nilimdanganya jirani yetu kwamba nimeruhusiwa, akapoteza vidole viwili, kisha nikakubali mbele ya watu kwamba ni yeye aliyeutoa. Si yeye. Ni mimi. Naomba mlango ushushwe leo, kabla watoto hawajatoka shule.*