Gari Lililokuwa Halimaliziki Kusafishwa

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha kwanza kwa marehemu bibi, mzaa mama. Alinipaka kichwani kuua chawa, nikanuka darasani kama kibatari, mwalimu akanihamishia dirishani. Niliyoyaona nje yalikuwa mengi kuliko ya ubaoni, ndiyo maana kusoma kwangu kuliishia njiani. Lakini nisipotee.

Harufu hiyohiyo ndiyo ya gari langu la rimoti, jekundu, aliloniletea mjomba baharia. Mchanga wa Bagamoyo haukulionea huruma. Uliingia mpaka kwenye gia.

Mwaka ule mama alipewa talaka moja, tukahamia kwa bibi. Ninyi mnajua, talaka ya kwanza mume aweza kumrejea mkewe, kwa kutamka tu, kabla eda, ile miezi mitatu ya kungoja, haijaisha. Mimi sikujua. Nilijua tu kwamba baba, fundi baiskeli, huja kila Ijumaa baada ya sala kunisafishia gari.

Alitandika gunia barazani, akafungua skrubu mojamoja, akasugua meno ya gia kwa unyoya wa kuku uliochovywa mafuta ya taa. Nyuma ya pazia mama alipepeta mchele. Jua likishuka, baba husema, “Limebaki gurudumu moja. Nitakuja Ijumaa.”

Bibi alichoka. “Baba Musa, hilo gari lingekuwa basi, lingeshafika Msata likarudi.”

“Mchanga mwingi, mama.”

“Mchanga au ulimi? Ngojangoja huumiza matumbo.”

Nyuma ya pazia ungo ukaongeza kasi.

Ijumaa ya mwisho mama alitoka mwenyewe na kikombe cha kahawa, akakiweka kando ya gunia.

“Limepona?”

Baba akatoa skrubu mdomoni. “Bado kidogo.”

Mama akasimama. Hata mimi, mtoto, niliona anangoja. Halafu akarudi ndani.

“Eda inaisha kesho,” bibi akasema, safari hii bila utani.

Baba akakaza skrubu zote. Gari likazunguka ua kama jipya, nami nikarukaruka kwa furaha. Nilipooa, nikawa na maneno yangu ya kumeza, ndipo nilipojua kuwa gari lile lilikuwa zima tangu Ijumaa ya kwanza. Lililokwama ni neno moja, “nimekurejea,” na baba hakulipatia bisibisi.

Ijumaa ile gari liliposimama, baba akanikabidhi bisibisi yake. “Sasa utasafisha mwenyewe.” Akakunja gunia, akamuaga bibi, akaenda zake kwa miguu. Kahawa hakuigusa. Hatukumwona tena.