Hiyo Haina Mtu

Fundi wa majeneza wa Matulo hutazama filamu kila Jumapili baada ya ibada, kofia kichwani, bakuli la njugu mapajani. Mapenzi hayamshughulishi, wala risasi. Yeye husubiri mazishi. Jeneza likitokea, huacha kutafuna, huinua kidole chenye madoa ya vanishi na kutoa hukumu: "Hiyo haina mtu, Mama Emmy. Si uone vile wanatembea nayo." Mkewe, Viola, huwa ameshaanza kulia, na machozi humkaukia njiani. Miaka kumi na mitano hajamlilia marehemu wa filamu mpaka akazikwa.

Jumapili iliyopita wabebaji walilitua jeneza katikati ya njia, wakabadilishana mabega, na mmoja akapangusa viganja kwenye suruali. Viola alijifuta macho mapema, akingoja hukumu. Haikuja. Alipogeuka, mumewe alikuwa amesimama mbele ya runinga, kofia mkononi. "Hii iko na mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Simama." Viola akasimama, chupa ya chai mkononi, mpaka kaburi likafukiwa lote. Hata kulia alisahau.